Ncha iliyorudi bila ndoano: niliyojifunza kuhusu mafundo ya mshipi wa baharini

Mshipi ukikatika, wengi hutazama maji pale samaki alipopotelea. Mimi hutazama kwanza ncha iliyorudi mkononi, maana ndiyo shahidi pekee aliyebaki. Ikirudi imejiviringa kama springi, ujue fundo halikukatika: liliteleza, likafunguka mzunguko mmoja baada ya mwingine. Ikirudi imekatwa safi, tena mbali na mahali fundo lilipokuwa, hilo ni jino au ukingo wa mwamba. Ikirudi na weupe wa kukwaruzwa kwa urefu wa kiganja hivi, mshipi ulisuguliwa mpaka ukachoka. Na ikiwa imekatika pale pale fundo lilipoanzia, imevutika na kuwa nyembamba, basi fundo lilishika ila lilikuwa dhaifu kuliko mshipi wenyewe.

Ncha za aina zote hizo nimeshazishika, na karibu yote ninayoyajua kuhusu mafundo nimeyapata kwa kuzisoma. Ndiyo maana nikiulizwa fundo gani lina nguvu kuliko yote, nami huuliza: mshipi wa aina gani, unafungwa kwenye nini, na utalifungia wapi, mezani au chomboni upepo ukivuma? Bila majibu hayo, jina la fundo halinisaidii kitu.

Ninazungumzia hasa mshipi wa mbele, yaani kile kipande kinene kinachokaa kati ya mshipi mkuu wa kwenye rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi) na ndoano. Baharini kipande hiki ndicho kinachoteseka. Mshipi mkuu huwa mwembamba ili utupike mbali na usisukumwe sana na mkondo, lakini samaki wa maji chumvi wana meno, wana mifuniko ya matamvua inayokata kama wembe, wana mikia migumu, na wengi wao wakishikwa hukimbilia matumbaweni. Kipande cha mbele hupokea yote hayo. Sasa kukiwa na kipande hicho, kuna mafundo mawili badala ya moja: la kuunganisha mishipi miwili na la kufunga ndoano. Kila moja lina mahitaji yake.

Kabla ya majina, nieleze kwa nini fundo huwa mahali pa udhaifu. Mshipi ulionyooka hugawana mzigo unene wake wote. Ukiukunja kona kali, upande wa nje unavutwa kupita kiasi na upande wa ndani unabanwa. Zaidi ya hapo, ndani ya fundo mshipi unajikandamiza wenyewe, na wakati wa kukaza unajisugua na kupata joto. Joto hilo halionekani kwa macho, ila athari yake inaonekana: nailoni iliyokazwa kavu kwa haraka hubaki na vikunjo vidogo karibu na fundo, ukipitisha ukucha unavihisi. Nikihisi hivyo nakata na kuanza upya, hata kama samaki wanaruka mbele yangu. Mafundo yaliyo bora huzungusha mshipi kwa mikunjo mipana na kuusambaza mzigo kwenye mizunguko mingi. Na dawa ya joto ni maji au mate: lowanisha, kisha vuta polepole bila kustua.

Halafu kuna mshipi wenyewe. Nailoni ni mpole. Inavutika, inapokea fundo vizuri, inasamehe mkono usio mzoefu. Lakini inanyonya maji na kupoteza sehemu ya nguvu zake ikilowa, na jua la muda mrefu linaidhoofisha. Florokaboni hainyonyi maji, inazama upesi zaidi, inastahimili kukwaruzwa, na kwa namna inavyopitisha mwanga iko karibu na maji kuliko nailoni, kwa hiyo samaki huiona kwa shida zaidi. Ubaya wake ni ugumu. Fundo lile lile lililokaa vizuri kwenye nailoni huweza kukataa kukaa kwenye florokaboni nene, mizunguko ikapandana badala ya kulala sambamba. Mshipi wa kusukwa, ule wa nyuzi za polietilini, una nguvu nyingi kwa unene mdogo na hauvutiki karibu kabisa, ila unateleza. Tena nyuzi zake huyeyuka karibu nyuzi 150 za Selsiasi, wakati nailoni huhitaji karibu 200 au zaidi, ndiyo maana msuguano unaudhuru mapema. Fundo la mizunguko mitano linalotosha kwa nailoni, kwenye mshipi wa kusukwa linaweza kuchomoka lote bila hata kukatika. Ndiyo ile ncha iliyojiviringa.

Kuna siku kijana ninayevua naye alikasirika. Tulikuwa tumefunga fundo moja, yuni, kwenye mshipi mmoja tuliogawana, na lake lilikuwa limeteleza mara ya pili.

"Kaka, mbona langu linateleza na lako linashika? Si fundo lile lile?"

"Lifunge tena nikuone, mdogo wangu."

Akalifunga. Alipitisha mshipi kwenye tundu la ndoano, akaulaza mkia, yaani ile ncha fupi, sambamba na mshipi mkuu, yaani upande mrefu, akatengeneza kitanzi, akauzungusha mkia ndani ya kitanzi mara tano. Mpaka hapo hakuna kosa. Kisha akashika mshipi mkuu akauvuta kwa nguvu, fundo likateleza mpaka kwenye ndoano na kusimama. Kwa macho lilionekana limekaza. Nikamwomba alisogeze karibu na taa. Mizunguko miwili ilikuwa imekaa upande, kati yake kuna mwanga unapita. Alikuwa amelitelezesha kabla ya kulifunga. Yuni hukazwa kwa hatua mbili: kwanza unavuta mkia peke yake mpaka mizunguko ilale imebanana, ndipo unavuta mshipi mkuu ili fundo zima liteleze hadi kwenye ndoano, halafu unamalizia kwa kuvuta mkia tena. Alipofanya hivyo, tena kwa mizunguko minane kwa kuwa ulikuwa mshipi wa kusukwa, fundo likawa jembamba, laini, kama bomba dogo. Tangu hapo hajaniuliza tena habari ya fundo lenye nguvu kuliko yote. Huniuliza kama lake limekaa.

Kwa kuunganisha mshipi wa kusukwa na kipande cha mbele, mimi nina mafundo mawili ninayoyategemea zaidi. La kwanza ni FG. Uzuri wake ni kwamba kipande kinene hakikunjwi kabisa. Kinabaki kimenyooka, na mshipi wa kusukwa ndio unaokizunguka kwa kupishana, mara huku mara kule, kiasi cha mara ishirini. Ukivutwa, ule msuko unakibana kipande na kuuma ndani ya ngozi yake, na kadiri unavyovuta ndivyo unavyozidi kubana. Kwa sababu hakuna kona, nguvu inayopotea ni ndogo sana, na fundo lenyewe ni jembamba kiasi cha kupita kwenye pete za fimbo bila kugonga.

Lakini FG halitaki uzembe. Mshipi wa kusukwa lazima uwe umevutwa muda wote unaposuka. Mimi huushika kwa meno upande mmoja na fimbo yenyewe ikauvuta upande mwingine. Ukilegea kidogo tu, mizunguko inafunguka na unaanza mwanzo. Ukimaliza kusuka, funga nusu fundo moja au mbili kuzunguka mishipi yote miwili, lowanisha, kisha zungusha mshipi wa kusukwa kwenye kipande cha mti na uvute kwa nguvu zako. Hapa ndipo pa kutazama kwa makini: rangi ya msuko inabadilika. Kama ni kijani mpauko, inakuwa kijani iliyokolea, na unaona msuko umezama kidogo kwenye kipande cha mbele. Rangi isipobadilika, msuko haujauma, na mbele ya samaki mzito utateleza. Baada ya hapo unakata mkia wa kipande kinene karibu kabisa, na kumalizia kwa nusu fundo kadhaa juu ya mshipi wa kusukwa peke yake, ili ule ukingo uliokatwa usigonge pete.

La pili ni yuni mbili, zinazotazamana na kuvutana mpaka zikutane. Nguvu zake ni ndogo kuliko FG na ni nene kidogo, lakini naweza kuzifunga nikiwa nimesimama kwenye chombo kinachoyumba, gizani, vidole vimeganda kwa baridi ya mapambazuko. Kwa mshipi wa kusukwa nafanya mizunguko minane, kwa kipande cha mbele minne au mitano. Kipande kikizidi nguvu za kilo 20 hivi, yuni mbili huwa bonge, na hapo kama sina nafasi ya kusuka FG natumia Albright: kipande kinene kinakunjwa kitanzi, mshipi mwembamba unakizunguka mara kumi hadi kumi na mbili na kutokea pale pale ulipoingilia. Ukitokea upande mwingine, linafunguka. Kwa hiyo FG nafunga usiku wa kuamkia safari, na yuni mbili ni za huko huko majini. Wapo wanaoona kwamba lenye nguvu zaidi ndilo litumike kila mahali. Sikubaliani nao. FG lililofungwa vibaya kwenye upepo ni dhaifu kuliko yuni iliyokaa.

Upande wa ndoano mambo ni mepesi zaidi. Kwa mshipi wa kusukwa unaofungwa moja kwa moja, au kipande chembamba, Palomar ni rahisi na lina nguvu: unaukunja mshipi mara mbili, unaupitisha kwenye tundu, unafunga fundo la kawaida lililolegea, unapitisha ndoano nzima ndani ya kitanzi, unalowanisha na kuvuta pande zote mbili pamoja. Angalizo ni kwamba ile mishipi miwili isipishane ndani ya fundo, maana ikipishana mmoja humkata mwenzake. Kwa chambo bandia chenye ndoano tatu tatu, Palomar ni usumbufu, kitanzi kinanasa kila mahali. Hapo narudi kwenye yuni. Klinchi iliyoboreshwa, ambayo wengi wetu tulijifunza mwanzo, ni nzuri kwa nailoni nyembamba, mizunguko mitano au sita. Kwenye florokaboni nene siitumii kabisa, haikai.

Chambo bandia cha kuigiza samaki mdogo kinapenda uhuru. Fundo lililobana tundu hukifanya kiende kimekakamaa, hasa kipande kikiwa kigumu. Kitanzi kisichoteleza kinaondoa tatizo hilo. Unaanza na fundo la kawaida kwenye mshipi bila kulikaza, unapitisha mkia kwenye tundu la chambo, unaurudisha ndani ya lile fundo kwa upande ule ule uliotokea, unauzungusha kwenye mshipi mkuu, kisha unaurudisha tena ndani ya fundo kwa upande huo huo. Idadi ya mizunguko inategemea unene: mshipi wa kilo 4 hadi 5 hutaka mitano, wa kilo 7 hadi 18 minne, wa kilo 23 hadi 27 mitatu, na ulio zaidi ya hapo miwili inatosha. Mtu anayefanya mizunguko mitano kwenye mshipi wa kilo 30 anafikiri anaongeza nguvu, kumbe anazuia fundo lisikae.

Kwa chambo cha kweli, ninapotumia ndoano ya duara, nafunga kwenye shina la ndoano badala ya tunduni. Mshipi unaingia tunduni kwa upande wa ncha ya ndoano, unalizunguka shina mara sita au saba. Samaki akivuta, ndoano inageuka na kushika pembeni mwa mdomo. Faida yake ni mbili: samaki hamezi ndoano hadi tumboni, na mshipi haukai katikati ya meno yake.

Meno ni habari nyingine. Kwa nguru na mzia, florokaboni huweza kuhimili ukibahatika, lakini nikijua wapo natumia waya mfupi. Waya wa uzi mmoja haufungwi fundo. Unasokotwa, kwanza pande zote mbili pamoja kwa umbo la X mara nne au tano, kisha ncha inazungushwa kwa kubana mizunguko iliyolala sambamba, nayo mara nne au tano. Zile X ndizo zinazoshika mzigo. Ukizisokota upande mmoja tu, yaani waya mmoja unyooke na mwingine uuzunguke, zitateleza. Na ncha usiikate kwa koleo. Ikunje iwe kama mkono wa kuzungushia, kisha izungushe mpaka ikatike yenyewe ukingoni. Iliyokatwa kwa koleo huacha mwiba unaopasua kiganja cha atakayemshika samaki pembeni mwa chombo.

Kipande cha mbele kikipita nguvu za kilo 45 au 60, nguvu za mikono hazitoshi kukaza fundo. Hapo ni mirija midogo ya chuma inayobanwa kwa koleo lake maalumu, na mrija lazima ulingane na unene wa mshipi. Ninachosisitiza ni kutobana kingo za mrija. Bana katikati, acha miisho miwili ibaki wazi kidogo, la sivyo ukingo wenyewe unakuwa kisu.

Wanaotupa kutoka ufukweni wana sababu nyingine ya kuhitaji kipande kinene, na hii naiweka juu ya yote kwa sababu si habari ya kupoteza samaki. Chubwi la gramu 140 likirushwa kwa nguvu zote, mshipi mwembamba ukakatika katikati ya mrusho, linaruka kama kombora na hakuna anayejua litatua wapi. Kanuni inayotumika sana ni nguvu za kilo 4.5 kwa kila gramu 28 za chubwi. Kwa gramu 140 basi unahitaji kipande cha kilo 23 hivi. Urefu wake uanzie kwenye chubwi, upite fimbo nzima, na uzunguke rili mara sita hivi kabla ya kufika kwenye fundo. Fundo nalo nalilaza kwenye ukingo wa rili ulio mbali na kidole ninachoachilia nacho, kwa sababu linapotoka kwa kasi linaweza kuchana ngozi. Na kabla ya kila mrusho natazama nyuma, kushoto na kulia. Mtoto akiwa anacheza karibu, situpi.

Wanaowania rekodi wana sheria za kufuata. IGFA, shirika la kimataifa linalotunza rekodi za uvuvi wa burudani, lililoanzishwa mwaka 1939, linataka kipande cha mbele kisizidi mita 4.57 kwa mshipi wa daraja la hadi kilo 10, na ukijumlisha na sehemu ya mshipi iliyokunjwa mara mbili visizidi mita 6.1. Kwa madaraja ya juu ni mita 9.14 na 12.19. Hiyo sehemu ya kukunjwa hufungwa kwa Bimini, fundo linaloanza na misokoto ishirini na linalobakiza karibu nguvu zote za mshipi. Ni fundo zuri sana, lakini asiyemfuata nduwaro wala jodari mkubwa anaweza kuishi bila hilo.

Kuliko kubishana majina, mimi hupenda kuyapambanisha. Nakata kipande cha mshipi, nafunga ndoano kubwa isiyo na ncha kila upande, kila moja kwa fundo lake, nalowanisha, navaa glavu na miwani, navuta polepole mpaka mmoja ukatike. Fundo lililobaki ndilo mshindi wa duru hiyo. Narudia mara kadhaa kwa kila jozi, na ninachotafuta hasa ni fundo linalotoa matokeo yale yale kila mara. Fundo linaloshinda kwa tofauti kubwa leo na kushindwa vibaya kesho linaniambia kwamba mkono wangu haujalizoea, na sitalipeleka baharini mpaka ulizoee. Mshipi wa kusukwa usiuvute kwa vidole vitupu hata siku moja. Unaingia nyamani kabla hujahisi.

Chomboni, kila baada ya samaki mwenye nguvu au kunasa mwambani, napitisha kipande cha mbele kati ya midomo au kucha mbili, kuanzia ndoanoni kwenda juu. Midomo huhisi mkwaruzo ambao jicho halioni. Nikikuta mahali pamekwaruzwa, nakata juu yake na kufunga ndoano upya, na fundo lililokwisha kumvuta samaki mkubwa nalibadilisha hata kama linaonekana zima. Vipande nilivyokata vinaingia mfukoni, haviendi majini, kwa kuwa nailoni haiozi upesi na inawanasa kasa na ndege. Kwa sababu ya kukata huko, naanza siku na kipande cha mita moja na nusu au mbili, na kikishapungua hadi urefu wa mkono wangu nakitoa chote na kufunga kingine kwa yuni mbili.